Herufi Tatu za Malkia Namvula

Vidole hivi vimeua malkia kumi na wanne. Wa kwanza alizama ziwani, wa pili aligeuka jiwe, wa tatu alimezwa na nyoka aliyemfuga mwenyewe tangu akiwa mwembamba kama utepe. Mimi sikuwabuni, lakini kila mmoja wao alikata roho chini ya taipu yangu, na hadi leo sijamwomba mtu radhi. Leo naomba. Ila naomba nikiwa na hasira, kwa hiyo msitegemee maneno laini.

Nawaandikia nyie vijana mliokalia viti vyetu hapa Tunduma, mnaochapa barua, fomu za forodha na matangazo ya misiba. Nawaandikia pia nyie mnaotunga kwenye simu zenu hadithi za falme zisizokuwepo, mkaja kuzichapisha dukani. Mimi nilichapa miaka thelathini na moja katika duka moja, hatua chache kutoka barabara ya malori. Nimestaafu, goti limekataa kazi, lakini jicho langu bado linaona kosa la herufi kutoka upande wa pili wa meza.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Rehema, anayefanya kazi katika duka lilelile, alinijia nyumbani na hadithi aliyoitunga mwenyewe. Ni hadithi ya nchi iliyo chini ya ardhi, na malkia anayeitawala kwa kusikiliza mizizi ya miti. Ilikuwa hadithi yake ya kwanza. Kuna muuza vitabu wa Mlowo, anayesambaza vijitabu kwenye mabasi na vibanda vya barabarani, alikuwa ameisoma yote na kuipenda. Alisema ataichukua, kwa sharti moja tu. Malkia afe.

"Jamaa anasema mwanamke jeuri akibaki hai, msomaji anaona kitabu hakijaisha," Rehema aliniambia. "Sasa bibi, nimuue?"

Nilitupa kikombe. Sikumtupia yeye, nilikitupa kwenye beseni la vyombo, lakini kilivunjika. Alinitazama kama mtu aliyemwona bibi yake kwa mara ya kwanza. Ikabidi nimsimulie tangu mwanzo, na nyie nawasimulia hivyohivyo.

Kwanza mjue kazi ilivyokuwa, maana nyie mna kitufe cha kufuta. Sisi tulikuwa na stensili, karatasi nyembamba yenye nta. Unatoa utepe wa wino kwenye taipu ili herufi zigonge nta moja kwa moja na kuitoboa. Halafu stensili inafungwa kwenye mashine ya kudurufu, unazungusha mkono, wino unapita kwenye yale matundu na maneno yanatokea kwenye karatasi. Ukigonga kwa woga, herufi haitoki. Ukigonga kwa hasira, kile kiduara cha ndani ya o kinadondoka, na kila o ukurasani inakuwa doa jeusi. Wateja wa zamani walijua siku niliyogombana na mume wangu kwa kuangalia o zangu tu.

Ukikosea, kulikuwa na dawa nyekundu ya kufutia, inanuka kama rangi ya kucha. Unapaka juu ya kosa, unasubiri ikauke, unachapa tena hapohapo. Aliyenifundisha haya ni Mzee Kibona, mwenye duka, Mndali mmoja mfupi ambaye hakucheka saa za kazi. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia kuliko sala zake. Ukishapaka dawa, usinyanyuke kwenye kiti mpaka uchape tena. Hata duka likiungua, chapa kwanza ndipo ukimbie. Alijua kwamba ukinyanyuka utasahau, na palipofutwa patabaki peupe.

Nilikuwa mwanafunzi mgumu. Wiki yangu ya kwanza nilichapa kadi za harusi zilizosema, "Mnakaribishwa wote katika hasira ya vijana wetu." Bwana harusi alizirudisha mwenyewe, boksi zima. Mzee Kibona aliniambia nisome kilicho kwenye karatasi, nisisome kilicho kichwani mwangu. Nimehudhuria harusi nyingi tangu siku hiyo, na sioni kama nilikosea sana.

Sasa, mteja wetu mkubwa wa vijitabu alikuwa Mwalimu Simkoko. Alikuwa amestaafu ualimu na alitunga hadithi za maajabu, vijitabu vya kurasa arobaini na nne, vilivyobanwa kwa pini mbili. Madereva waliokwama kwenye foleni ya mpaka walivisoma wakipokezana kutoka lori hadi lori. Wamama wa Nakonde walivuka mpaka kuja kuulizia kipya kimetoka lini. Nawaambieni, yule mzee aliweza kuandika. Alibuni ng'ombe mwenye mabawa anayekamuliwa mawingu. Alibuni maji yanayoungua na moto unaonyweka. Nilikuwa nachapa huku mate yamenikauka kwa hamu ya kujua mbele kuna nini.

Na katikati ya kila hadithi aliweka mwanamke. Alimpa maneno bora kuliko mtu mwingine yeyote humo ndani. Alimpa akili, alimpa jeshi, alimpa mdomo usiofungwa. Halafu alimuua ukurasa wa arobaini. Kurasa nne zilizobaki watu walilia, na mfalme akapata mke mwingine, mpole. Nilishazoea kiasi kwamba malkia akisema "hapana" ya tatu, nilikuwa namwambia Mzee Kibona aandae stensili nyingine, huyu kesho hayupo. Tulikuwa tunacheka. Hilo ndilo linaloniuma sasa, kwamba tulikuwa tunacheka.

Siku moja nilimuuliza Mwalimu kwa nini. Nilimuuliza kwa adabu, nikiwa nimemshikia prufu, ile nakala ya kusahihisha, mkononi. Alifikiri kweli, maana hakuwa mtu wa dharau.

"Mama Atu," aliniambia, "mwanamke kama huyo, nikimwacha hai, ataishi wapi?"

 Mtu aliyeweza kujenga mji mzima juu ya mawingu, ukawa na soko, mahakama na malisho ya ng'ombe, alikosa chumba kimoja cha mwanamke mkaidi. Alibuni kila kitu isipokuwa mwanamke wa aina hiyo akiwa na miaka sitini, ana mvi, anakoroma, amekalia kigoda na watu bado wanamwogopa. Na mimi nilirudi kwenye kiti nikaendelea kuchapa.

Wa kumi na moja ndiye Malkia Namvula. Kwetu Unamwanga mwanamke hubeba jina la ukoo lenye Na mbele yake, na haliachi hata akienda kwa mume, kwa hiyo kila mama wa hapa aliyesikia jina Namvula aliona ni mtu wa kwao. Alitawala nchi ya mawingu na alishika funguo za mvua. Mfalme wa Radi akaja kumposa. Ukurasa wa ishirini na sita, Mwalimu aliandika hivi: "Siku ya saba Malkia Namvula aliolewa. Ngoma zikapigwa." Kuanzia hapo mfalme anazidai zile funguo, malkia anakataa mara tatu, na ukurasa wa arobaini anapigwa radi akiwa amesimama juu ya wingu alilolisuka kwa mikono yake.

Nilipofika kwenye lile neno, vidole viliteleza nikachapa "aliolwea". Nikapaka dawa juu ya herufi tatu. Nikasubiri ikauke. Akaingia dereva mmoja anataka fomu, anafoka kwamba lori lake linazuia wengine, na mimi nikanyanyuka. Niliporudi nilianza mstari mpya. Kijitabu kilitoka na nafasi tupu ya herufi tatu katikati ya neno, na kila aliyekisoma aliziba pengo hilo mwenyewe. Siku ya saba Malkia Namvula alioa.

Nyie mnacheka, na watu walicheka pia. Mwanamke anaolewa, haoi. Hata mtoto anayejifunza kusema analijua hilo. Lakini baada ya kicheko likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Watu walianza kukisoma upya. Kama malkia ndiye aliyeoa, basi nyumba ni yake, mfalme ndiye aliyekuja na begi lake, na anapodai funguo anadai za ukweni. Hadithi yote iligeuka kwa sababu ya nafasi ya herufi tatu. Madereva walibishana juu yake kwenye foleni. Mama mmoja mnunuzi wa mahindi kutoka Mlowo alifunga safari hadi dukani, akakiweka kijitabu mezani kwangu, akaweka kidole ukurasa wa arobaini.

"Kama yeye ndiye aliyeoa," alisema, "huyu mwanaume anamuulia nyumbani kwake mwenyewe? Na ndugu zake wako wapi?"

Hakuwa anatania. Alitaka nimwonyeshe walipoandikwa ndugu zake. Nilimwambia ni kosa la uchapaji. Akasema kosa liko huku mwishoni, akaondoka, maana mahindi yake yalikuwa yanamsubiri.

Mwalimu Simkoko alipopata habari alikuja akiwa amekunja uso. Alisema nimemdhalilisha mbele ya nchi, kwamba malkia wake alikuwa mwanamke wa heshima, na mwanamke wa heshima haoi. Mzee Kibona hakunitetea, na hakuwa na sababu, kwa sababu nilivunja sheria yake. Ikaamuliwa nakala zote zilizobaki nizichukue nyumbani, na kwenye kila moja niandike kwa kalamu, kwa mwandiko mzuri, l, e, w.

Nilikaa mkekani mchana wa Jumamosi na binti yangu Atu. Alikuwa na miaka kumi, mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu. Huyu mtoto alikuwa na "hapana" nyingi kuliko malkia wote niliowachapa. Ukimwambia avae gauni, hapana. Ukimwambia mpira ni wa wavulana, hapana, na anakuonyesha kwa nini. Tuliandika nakala kama ishirini. Halafu Atu akasimamisha kalamu.

"Mama," akasema, "hapa bila hizi herufi nyumba ni ya kwake. Tukiziandika inakuwa ya mfalme. Kwani ndizo zinazomuua?"

Mtoto wa miaka kumi. Nimekutana na watu wenye shahada ambao hawajawahi kusoma kitu vizuri kiasi hicho. Na mimi, mama yake, nilimjibu nini? Nilimwambia, "Andika, tumalize."

Akaandika. Aliandika hadi nakala ya mwisho kwa mwandiko wake mzuri, na kila alipomaliza moja aliifunga polepole na kuiweka kifudifudi.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa, na msiniambie nipoe. Baada ya hapo jina la Namvula liligeuka kuwa fimbo. Atu akikataa kitu, shangazi zake wanamwambia, "Haya, Namvula, tunaisubiri radi yako." Walitania, sikatai, lakini walitania kila siku kwa miaka tisa. Alipomaliza kidato cha nne alipata nafasi katika chuo cha ufundi, alitaka kusomea injini za malori. Wakati huohuo akatokea mchumba. Atu akasema hapana, mara ya kwanza. Akasema hapana mara ya pili. Shangazi yake mkubwa akaenda chumbani, akarudi na kile kijitabu, akakiweka mapajani mwa mwanangu. Kilikuwa na l, e, w za Atu mwenyewe.

Mara ya tatu alisema sawa. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kochi, na niliangalia vidole vyangu.

Mume wake si mtu mbaya. Wanaishi Chitete, wanalima mpunga na ufuta, wana watoto wanne, Rehema ndiye wa kwanza. Atu yuko hai, mzima wa afya. Ila lile neno lilimtoka na halikurudi. Ukimpigia simu ukamwambia njoo, anasema sawa. Ukimwambia usije, sawa mama. Kwa zaidi ya miaka ishirini sijasikia mwanangu akikataa hata kikombe cha chai. Mwalimu alidhani anaua mtu wa kwenye karatasi. Mimi sikuwa na kisingizio hicho, kwa sababu msomaji wake alikuwa amekaa mkekani kwangu.

Sitaki mniambie hadithi ni hadithi tu. Nyie mnaoandika leo mna majini yenye simu, mna misitu inayotembea, mna wafalme wanaosafiri ndani ya vioo. Nazichapa kichwani zote anazoniletea Rehema, maana kazi hii haikuachi. Mwanamke anaingia ana moto, nampenda, na nikifika karibu na ukurasa wa arobaini naanza kuhesabu hapana zake. Mnamtia sumu. Mnamtupa kutoka jabalini. Mkiwa na huruma mnamfanya ajitoe mhanga kwa ajili ya kijana ambaye hata kufunga kamba za viatu hajui, halafu mnasema amekufa kishujaa. Hampigi chapa jambo jipya lolote. Mnadurufu stensili ileile ya Mwalimu Simkoko, na o zote zimeshatoboka.

Nilimaliza kumwambia Rehema haya yote nikiwa nahema. Hakuwa anajua ya mama yake na kile kijitabu. Alichukua simu yake akanionyesha mstari mmoja aliokuwa ameuandaa.

"Nilikuwa nimepata ujanja, bibi," akasema. "Soma."

Ulikuwa umeandikwa hivi: "Mfalme alimrukia malkia na mkuki, wakaanguka pamoja gizani, akafa." Aliniambia muuza vitabu atasoma akafa na kuridhika kwamba ni malkia. Msomaji mwenye akili atajiuliza ni nani kati yao. Lugha yetu haisemi mwanaume wala mwanamke hapo, kwa hiyo hajadanganya mtu.

Nilicheka hadi goti likauma. Ni ujanja mzuri, ni ujanja wa mtu aliyezaliwa kwa herufi. Lakini nilipotulia nilijisikia vibaya. Huo ndio uasi tuliouzoea, wa kujificha kwenye pengo na kusema ni bahati mbaya. Namvula alimiliki nyumba yake kwa wiki chache kwa sababu dereva alinifokea. Sikutaka mjukuu wangu naye aishi kwenye nafasi ya herufi tatu. Hata hivyo kitabu kilikuwa chake, na nafasi ya kukiona kwenye mabasi ilikuwa yake. Nilimwambia mimi si wa kuulizwa, kwa sababu nilishaulizwa zamani na nikajibu vibaya. Ampigie mama yake.

Akapiga, akaweka sauti kubwa, simu ikawa mezani kati yetu. Ilikuwa saa tisa mchana na Atu alikuwa anapepeta mchele, tulisikia ungo. Rehema akamsomea kurasa mbili za mwisho, pale malkia anapokataa kuhama nchi yake na mizizi inamwitikia. Ungo ukanyamaza.

"Mama, mnunuzi anataka afe," Rehema akasema. "Nimuue?"

Nilisogeza simu karibu, nikidhani mtandao wa Chitete umekatika tena.

"Hapana," Atu akasema.

Nilishika ukingo wa meza. Rehema, ambaye hajui kuacha jambo likiwa nusu, akamweleza ule ujanja wa akafa, kwamba inawezekana kuandika bila kusema ni nani.

"Hapana. Andika jina."

"Basi hatakichukua, mama. Nikiache tu?"

"Hapana."

Zilikuwa tatu. Nilizihesabu kwa vidole, kama nilivyokuwa nahesabu zamani, na nikajikuta nimenyanyua macho juu kwenye bati. Hakuna kilichopiga. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma taratibu, na Chitete ungo ukaanza tena. Atu akaniuliza kama nimekunywa dawa ya goti. Nilimjibu huku nalia.

Mwalimu Simkoko ameshafariki, Mungu amrehemu, kwa hiyo jibu lake nawaachia nyie. Aliuliza mwanamke kama huyo ataishi wapi. Ataishi Chitete, anapepeta mchele. Ataishi Mlowo, ananunua mahindi na kuuliza ndugu wako wapi. Ataishi Tunduma na goti bovu. Mkikosa pa kumweka kwenye falme zenu, njooni mtutazame.

Muuza vitabu wa Mlowo hajakichukua kitabu. Tumekitoa wenyewe, nakala chache, ziko dukani kwenye rafu ya chini karibu na mlango. Prufu nimesoma mimi mara tatu, na sikunyanyuka kwenye kiti. Ukurasa wa arobaini malkia yuko hai. Ukurasa wa arobaini na moja mtakuta ameandikiwa neno "alioa", herufi zote zimekaa pamoja, hakuna pengo. Msije kutuambia. Si kosa la uchapaji.